Roboti ya kufagia imekataa kumwaga vumbi kituoni? Anza na masikio

Simu ninazopigiwa kuhusu mashine hizi, zenye kituo cha kuchajia ambacho pia hunyonya vumbi kutoka kwenye kikasha cha roboti, karibu zote huanza vilevile: "Fundi, roboti imerudi vizuri kituoni, inachaji, lakini nikifungua kikasha nakuta vumbi limejaa pomoni." Swali langu la kwanza halibadiliki: ilipofika kituoni, ulisikia nini? Wengi hunyamaza kidogo, maana walikuwa jikoni au kazini. Basi nawaomba waiache ifagie tena kwa dakika kumi au kumi na tano, wakae karibu nayo, waisikilize ikirudi.

Sauti ndiyo inayoonyesha pa kuanzia, na mwongozo huu nimeupanga kwa kuifuata. Ukiujua mlio, utaacha kununua mota mpya wakati tatizo ni donge la vumbi.

Tangu iRobot ilipoleta Roomba i7+ na kituo chake mwaka 2018, watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, wakiwemo Roborock, Ecovacs, Dreame na Eufy. Umbo hutofautiana, kazi ni ile ile. Kikasha cha ndani ya roboti ni kidogo, hakifiki hata lita moja. Roboti ikirudi, vipande vya chuma vya kuchajia hugusana, kituo hutambua kwamba mgeni amefika, kisha mota kubwa iliyo ndani ya kituo huvuta kwa sekunde kumi na kitu hivi. Mvuto huo hufungua kilango kidogo cha kikasha, vumbi hupanda bombani, huingia kwenye mfuko, na hewa hutokea upande wa pili wa mfuko. Kwa hiyo mambo ni matatu: kituo kipate amri na umeme, njia iwe wazi, na mfuko upumue. Hitilafu nyingi nilizokutana nazo zilikuwa katika mojawapo ya hayo.

Kabla ya kutia kidole ndani ya kituo, zima swichi ya soketi na uchomoe plagi. Mota ile inakula umeme wa ukutani, volti 240, na roboti ikisogea kidogo inaweza kuanza mkono wako ukiwa ndani.

KITUO KIMENYAMAZA KABISA

Roboti imepanda, taa ya kuchaji inawaka, lakini hakuna mngurumo wowote. Hapa mota mara nyingi ni nzima. Haijaambiwa ifanye kazi.

Anza na simu. Fungua programu ya roboti, tafuta mpangilio wa kumwaga vumbi. Huenda umezimwa, au umewekwa imwage mara chache tu. Halafu tazama saa za kutosumbua, zile ambazo mashine haipigi kelele usiku. Mama mmoja wa South B, hapa Nairobi, alikuwa karibu kuuza yake kwa bei ya kutupa. Dada wa nyumbani alikuwa akiiwasha saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka, na kwenye simu saa za kutosumbua zilikuwa zinaishia 08:00. Programu hizi huhesabu saa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, kwa hiyo hiyo 08:00 ni saa mbili asubuhi yetu. Roboti ilikuwa inatii amri. Tulisogeza muda, ikamwaga siku hiyo hiyo.

Jambo la pili: mashine nyingi hazimwagi ukiibeba roboti kwa mkono na kuiweka kituoni. Zinangoja ifagie kwanza ndipo irudi yenyewe. Nyingine haziamki kama imefagia dakika mbili tatu tu. Kwa hiyo usiipime kwa kuiweka na kuitoa. Tumia kitufe cha kumwaga kwenye programu, au iache ifagie sebule nzima.

Tatu, mfuko. Vituo vingi vina swichi ndogo inayohisi kama mfuko upo. Usipokuwepo, au kadi yake ngumu isiposukumwa hadi ikalia "kla", kituo hakitanguruma. Kifuniko cha juu nacho kikibaki wazi kwa upana wa ukucha tu, matokeo ni hayo hayo. Utoe mfuko, uurudishe, bonyeza kifuniko pande zote mbili.

Nne, vipande vya kuchajia. Vipanguse kwa kitambaa kikavu, vya roboti na vya kituo. Vikiwa na weusi, tia spiriti kidogo kwenye kitambaa. Msasa usitumie, unakwangua utando wa juu wa chuma na baadaye kutu huweza kuja. Hakikisha pia kituo kimeegemea ukuta. Kwenye vigae vyetu vinavyoteleza, roboti hukisukuma nyuma kila inaporudi, mwishowe inakaa upande na haigusani sawasawa. Gundi ya pande mbili chini ya kituo inamaliza shida hiyo.

Ikiwa stima ilipotea na kurudi siku ambayo tatizo lilianza, chomoa kituo dakika moja, izime na roboti, kisha uviwashe tena. Waifai usiilaumu haraka. Roboti na kituo huzungumza ana kwa ana, na mashine nyingi humwaga hata intaneti ikiwa imekatika.

Kuna sababu moja ya mwisho ambayo huwapata walionunua kikasha cha akiba mjini. Vikasha viwili vinaweza kufanana kama pacha, kimoja kina tundu la kumwagia na kingine hakina. Kipindue uangalie. Kama hakina tundu chini au ubavuni, hakikutengenezwa kwa roboti ya kituo.

KINANGURUMA SANA, LAKINI VUMBI LIMEBAKI

Hii ndiyo kesi kubwa ya Nairobi, na nitakaa hapa.

Mngurumo mzuri ni mzito, na mwanzoni unasikia vitu vidogo vikigonga bomba: punje za mchele, mchanga wa viatu. Njia ikiziba, mlio hupanda ukawa mwembamba, kama filimbi, na hakuna kinachogonga. Ukisikia hivyo, ujue mota inavuta na haipati hewa.

Vumbi letu ni udongo mwekundu, laini kama unga, hasa Januari na Februari kabla ya mvua za masika, na kwa mtu aliyezungukwa na majengo yanayopanda kila upande halina msimu. Likiwa kavu, linapita bombani bila shida. Likikutana na maji linakuwa tope, na tope likikauka linakuwa tofali. Maji hutoka wapi? Roboti yenye kitambaa cha kupigia deki hupita mahali palipo na unyevu, au mtu amepiga deki na roboti ikatumwa kabla sakafu haijakauka. Juu yake ongeza nywele, hasa nyuzi za rasta na za kusuka, ambazo hazikatiki.

Wiki kadhaa zilizopita nilitoa donge kwenye mdomo wa kikasha huko Kileleshwa. Lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, jekundu, gumu, limeshikwa ndani na nyuzi nyeusi za kusuka, kama ukuta wa nyumba ya udongo unavyoshikwa na nyasi. Nilipoligonga mezani halikuvunjika. Mwenye roboti alikuwa ameshaambiwa dukani kwamba mota imekufa, na bei ya kituo kipya ameshatajiwa.

Fuata mpangilio huu, kutoka hatua rahisi kwenda ngumu.

Toa mfuko uupime kwa mkono. Ukiwa mzito na mgumu, weka mpya. Watengenezaji wengi huandika kwamba mfuko unatosha siku 60, ila hawakuandika hivyo wakifikiria barabara ya vumbi nje ya geti. Isitoshe vumbi letu laini huziba matundu ya mfuko kabla haujajaa: kwa macho uko nusu, lakini haupumui tena. Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mota ile ile inavuta kwa nguvu pungufu kidogo. Hiyo si hitilafu, mashine inafanya kazi vizuri tu, lakini haina nguvu ya ziada ya kushindana na mfuko uliochoka. Mimi hubadilisha ukifika theluthi mbili.

Kisha toa kikasha cha roboti. Kimwage, washa tochi ya simu, tazama tundu la kumwagia kutoka ndani na kutoka nje. Kilango chake ni kipande cha mpira au plastiki kinachofunguka kwa mvuto. Kisukume kwa kidole: kifunguke chepesi, kirudi chenyewe. Kikikwama, kuna mchanga kwenye bawaba zake, na brashi ya meno iliyozeeka inatosha. Nywele zitoe kwa kibano cha nyusi, usizivute kwa nguvu ukang'oa mpira wenyewe.

Kuosha kikasha, angalia kwanza. Kikiwa na vipande vya chuma vya umeme au feni ndani, kisiguse maji, pangusa tu. Kikiwa plastiki tupu na kitabu cha mashine kinaruhusu, kioshe, lakini kikauke kabisa. Chujio linaloruhusiwa kuoshwa lipe saa 24, na katika baridi ya Julai lipe siku mbili. Watu hulirudisha likiwa na unyevu, na ndipo hadithi ya tope inapoanza upya.

Kama kikasha ni safi, twende kwenye kituo. Kikiwa kimechomolewa, tazama tundu ambalo roboti hukalia. Limezungukwa na mpira au sponji ya kuzuia hewa isivuje. Ukiwa umejikunja au umechanika, mota itavuta hewa ya sebuleni na kuacha vumbi lako pale pale. Baada ya hapo laza kituo ubavu. Aina nyingi zina kifuniko cha plastiki chini, kimeshikwa na skrubu chache, na ukikifungua unaona njia ya vumbi inavyopinda. Kwenye kona hiyo ndipo vijiti vya meno, vifuniko vya kalamu na vipande vya Lego hukwama, na nyuma yake vumbi hujipanga. Safisha kwa kijiti cha plastiki au cha mti. Waya mgumu unatoboa bomba, na tundu la bomba utalihangaikia kwa miezi.

Usifungue zaidi ya hapo. Skrubu za njia ya vumbi ni zako. Zile zinazofunika mota ni za fundi.

Ili kujua kama umemaliza, chana karatasi vipande vidogo kama ukucha, viweke kumi kwenye kikasha kitupu, rudisha kila kitu, amuru imwage. Vikitoweka vyote, njia iko wazi. Vikibaki vitatu karibu na tundu, kilango bado kina shida. Vikibaki vyote, rudi kwenye kona ya kituo.

KINAANZA, KINAKATA BAADA YA SEKUNDE CHACHE

Taa nyekundu inawaka, au programu inaandika kosa. Sababu ya kwanza bado ni mfuko au njia iliyoziba, kwa hiyo pitia sehemu iliyotangulia. Kama kituo chako hakina mfuko na kinatumia chombo cha plastiki, angalia chujio lake. Kwa vumbi la hapa, mimi hulikung'uta kila wiki.

Sababu ya pili ni joto. Ukikilazimisha kituo kimwage mara nne tano mfululizo kwa sababu hakikumwaga mara ya kwanza, kinga ya mota hukata. Kiache kimechomolewa angalau nusu saa. Ukirudia kubonyeza, unaichosha zaidi.

Ya tatu ni umeme unaokifikia. Chomeka kituo kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Ekstensheni nyembamba iliyobeba pia televisheni na birika inashuka volti mota ikianza. Gusa plagi baada ya kumwaga: ikiwa moto, acha, nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Waliofunga betri na inveta nyumbani kwa ajili ya stima kupotea wana kesi yao. Kuchaji roboti ni kazi ndogo, inveta ndogo inaimudu. Kunyonya ni kazi nyingine kabisa. Pindua kituo usome lebo: vingi huandika wati mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja wakati wa kumwaga. Inveta ya wati 500 huenda ikakata, na nyumba nzima ikaingia gizani. Ama uiunganishe na inveta inayozidi namba hiyo kwa nafasi ya kutosha, ama uzime kumwaga na umwage kwa mkono hadi stima irudi.

KIMELETWA NA NDUGU KUTOKA MAREKANI

Tafadhali soma lebo kabla ya kuchomeka. Chaja ya simu huandikwa volti 100 hadi 240 na haina shida. Kituo cha kunyonya kilichonunuliwa Marekani mara nyingi kimeandikwa volti 120 tu. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu, volti haibadilishi hata moja. Ukikichomeka kwenye 240, unaweza kusikia mngurumo mmoja wa ajabu, halafu harufu. Kijana mmoja wa Ruaka aliniletea kimoja cha namna hiyo, zawadi kutoka kwa shangazi yake, kimetumika kwa muda usiofika dakika. Hakikurekebishika, na iliniuma kumwambia.

Kama hujakichomeka, unaweza kununua transfoma ya kushusha volti, lakini izidi wati za kwenye lebo. Zile ndogo za redio hazifai. Wakati mwingine ni nafuu kutafuta kituo cha volti 240 cha modeli hiyo hiyo, ukiwa umelinganisha namba ya modeli herufi kwa herufi.

KIMEMWAGA, LAKINI ROBOTI BADO INALIA IMEJAA

Hii ni ndogo. Ndani ya kikasha au mahali kinapokaa kuna sensa, vidirisha viwili vidogo vinavyotazamana. Vumbi limevifunika. Pangusa kwa kitambaa kikavu au pamba ya masikio, imekwisha. Ikirudia baada ya siku mbili, chujio limechakaa.

VUMBI LIMETAPAKAA KUZUNGUKA KITUO

Karibu kila mara ni mfuko: umepasuka, kadi yake haikuingia sawa, au umekatwa, ukamwagwa na kushonwa ili utumike tena. Naelewa kwa nini watu hushona, mifuko ya aina fulani haipatikani kirahisi hapa na bei yake inauma. Lakini nimefungua vituo vya waliofanya hivyo. Vumbi laini hupita kwenye mshono, huingia kwenye mota, na mota haitoki salama. Ukienda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, kununua mifuko ya mbadala, beba ule wa zamani, linganisha kadi na ukubwa wa tundu palepale kaunta kabla ya kulipa.

ACHA, CHOMOA, ITA FUNDI

Usijaribu jambo jingine lolote ukiona mojawapo ya haya. Harufu ya kuungua, hata kidogo. Plagi au soketi iliyo moto, au iliyobadilika rangi ikawa kahawia. Mlio wa chuma kukwaruzana. Swichi kuu ya nyumba inayoanguka kila kituo kikianza. Kituo kilichonyonya maji, chai au maziwa ya mtoto: hata kikikauka kwa nje, ndani kuna bodi ya umeme. Fyuzi ya plagi ikikatika mara moja, weka nyingine yenye namba ile ile. Ikikatika mara ya pili, kuna kosa ndani, na kuweka kubwa zaidi au kipande cha waya ni kuitia nyumba moto.

Kifuniko cha mota usikifungue hata kama kimechomolewa, kwa sababu kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji. Na kama tumbo la roboti limevimba, au kifuniko cha betri hakifungi tena, usiichaji. Izime, iweke mahali pa saruji mbali na mapazia na makochi, mwite fundi aje aitazame hapo ilipo.

Kama haijavimba na unaileta kwa fundi, leta kituo, roboti, kikasha na mfuko uliotumika, usiutupe. Na kama kituo bado kinaanza bila harufu wala joto, rekodi mlio wake kwa simu kwa sekunde ishirini, roboti ikiwa imekaa. Mimi nikishausikia, najua kama nishike brashi ya meno au bisibisi.